Nyuzi za Tai kwenye Koti la Mjerumani

Mwenye duka la nguo kuukuu ninakofanya kazi, pale barabara ya Chaussée d'Ixelles, alinipa koti la askari wa Kijerumani, la vita vya pili, nikalichunguze nyumbani. Nikithibitisha ni halisi, alisema, nitaacha kutundika majinzi, niwe mtu wake wa nguo za jeshi. Sikusomea mambo haya. Nimejifunza kwa kukodolea macho picha mtandaoni hadi kichwa kiniume.

Mhuri wa kiwanda ndani ya bitana ulikuwa umefutwa na jasho. Vifungo vilishabadilishwa. Lakini Jumamosi jioni, juu ya mfuko wa kifuani wa kulia, niliona mabaki ya nyuzi na matundu ya sindano yaliyofuata umbo la mabawa. Tai wa jeshi, yule ndege wa nembo yao, alishonwa hapo, akaja kubanduliwa. Anayeghushi koti humshona tai apate bei. Kumbandua kunamfaidi nini?

Ningepiga picha palepale. Ila taa ya sebule yetu, mtaani Schaerbeek, ni ya njano, na picha yenye rangi isiyo sahihi inanitesa. Nikasema nitapiga asubuhi, dirishani.

Jumapili mama mdogo hupiga pasi nguo za kanisa za nyumba nzima, na chochote kilicho kwenye kiti hakimponyoki. Nilitoka kuoga nikakuta koti linafuka mvuke, limenyooka kama la bwana harusi. Mkononi alishika kibano chake cha nyusi.

"Maman, umefanya nini?"

"Bon, nimeitengeneza. Ilikuwa na manyuzi-manyuzi hapa kwa kifua. Utaenda kwa patron vile? Batasema uko na maman wa namna gani?"

"Ile manyuzi ndiyo ilikuwa kazi yangu!"

"Kazi ya manyuzi? Alors, iko mu poubelle, chukua."

Nilichakura pipa la taka kweli, kati ya maganda ya viazi, nisipate hata uzi mmoja. Mvuke nao ulikuwa umefunga matundu yote. Nilipiga picha hata hivyo, ya kifua kitupu. Mwanga ulikuwa safi kabisa, nikatamani kulia.

Jumatatu mwenye duka alisikiliza maelezo yangu akigeuza koti huku na huku.

"Uliziona nyuzi, na hukupiga picha?"

"Nilikuwa nasubiri mwanga."

Alinionyesha kwa kidole gunia la majinzi. "Angalau limepigwa pasi vizuri."

Jioni mama mdogo aliniuliza patron alisema nini.

"Alisifu pasi."

"Unaona!" akasema, akaniongezea bukari, ugali wa kwetu.