Nilivyochagua kipande cha Kirusi chenye nota chache kwa recital yangu ya kwanza Joburg

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Humu huwa napita kama msomaji tu, leo nimeamua kufungua uzi. Sitaongeza chumvi, na nisipokumbuka kitu nitasema sikumbuki.

Mimi ni mwanamke wa Morogoro, nimeolewa huku Johannesburg, tunakaa La Rochelle. Mume wangu ni Msauzi. Baba yake aliishi uhamishoni enzi za ukombozi, miaka mingi akiwa kwetu Morogoro, kwa hiyo Kiswahili anakijua. Sio cha kubabaisha, anakijua. Mimi ananiita makoti, ndivyo huku wanavyomwita mke wa mtoto.

Kinanda nilijifunza kwa kusikiliza. Napiga kwenye kwaya ya Wakongo, kanisani Jeppestown. Nota za karatasini nimekuja kuzisoma ukubwani, kwa mwalimu anaitwa Mam' Lindiwe. Anafundisha watu wazima kwenye ukumbi mdogo Doornfontein.

Sasa 2019 Mam' Lindiwe akaandaa recital. Yaani mnapanda mbele ya watu mmoja mmoja, unapiga piano peke yako, hakuna wa kukuimbia akufichie makosa. Sharti lake: kila mwanafunzi apige kazi ya mtunzi aliye hai, na nchi tupate kwa kuokota vikaratasi.

Nikaokota Urusi.

Eish.

Nilivyokuwa najua mimi, piano ya Kirusi ni radi na ngurumo. Mikono inaruka toka mwisho huu hadi mwisho ule. Na vidole vyangu ni vifupi, hata octave moja, yaani nota nane, naifikia kwa kujivuta.

Mam' Lindiwe akacheka. "Hao unaowawaza wewe wamekufa zamani," akaniambia. "Wapo walio hai wanaoandika vitu vya ukurasa mmoja. Chagua unachokiweza, lakini kikushinde kidogo."

Akanipa lundo la kopi nikachague.

Cha kwanza kilikuwa na chords nzito, nota nyingi kwa mpigo, nikakiweka pembeni siku hiyo hiyo. Cha pili kilikuwa kama ngoma ya harusi, cha haraka, kinachangamsha, nikakipenda. Cha tatu kilinichanganya. Ukurasa mmoja, nota zimetawanyika kama punje zilizomwagika, na katikati alama za kunyamaza kila mahali. Nikakipiga, nikajiuliza, sasa huu ni muziki au mtu alikuwa anajaribu kalamu?

Jina la kipande lilikuwa kwa herufi za Kirusi. Ndipo nikamkumbuka mzee, baba mkwe wangu, tunayekaa naye.

Ngoja niseme kidogo kuhusu yeye. Akiwa uhamishoni walimpeleka kusoma Urusi miaka kadhaa. Lakini alikuwa haongelei. Na tangu mama mkwe afariki alikuwa haongelei chochote. Asubuhi anawasha TV, sauti juu, anakaa hapo mpaka jioni. Kanisani haendi, kwa majirani haendi.

Nikamwekea karatasi mapajani. "Baba, hapa pameandikwa nini?"

Akavaa miwani. Akapunguza sauti ya TV. Midomo ikawa inacheza bila kutoa neno. Halafu akaizima kabisa ile TV.

"Kapel," akasema.

"Ndio nini, Baba?"

"Kiswahili hakina neno lake, makoti. Ni matone. Theluji ikianza kuyeyuka juu ya mapaa, inadondoka. Tone, tone. Wao wana jina la mdondoko huo tu."

Nikadhani amemaliza. Akaendelea mwenyewe.

"Mwaka wangu wa kwanza kule nilifikiri nimekuwa kiziwi. Theluji inameza sauti zote. Huisikii hatua yako mwenyewe. Miezi na miezi. Halafu asubuhi moja nikasikia mtu anagonga dirisha. Nikafungua, hakuna mtu. Ni maji. Tukatoka nje sote, vijana wa Soweto, wa Port Elizabeth, tumesimama tunasikiliza maji kama wehu."

Wakuu, hayo sikuwahi kuyasikia. Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja miaka yote hiyo.

Kuanzia hapo nikawa nafanya mazoezi sebuleni, na TV imezimwa. Mzee anasikiliza macho yamefumbwa. Nikikimbia ananisimamisha.

"Hilo limeanguka kabla halijajaa. Tone halihesabu moja mbili. Linasubiri lijae, ndipo linaanguka."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kunyamaza kwa namna hiyo. Zile nafasi tupu nilizoziona karatasini, kumbe ndimo tone lilikuwa linajaa.

Lakini bado nilikuwa na hofu. Kwaya nzima ilikuwa inakuja kunisikiliza, na wale wenzangu wanapenda kitu kizito. Nikampigia kiongozi wetu, Maman Odette, mtu wa Bukavu, vipande vyote viwili. Cha ngoma akakichezea mabega. Cha matone akanitazama kwa huruma.

"Dada, ile ya pili iko kavu sana. Basse iko wapi? Watu watasinzia."

Nilibadilisha mawazo sijui mara ngapi. Kilichoniamulia ni mzee kuuliza, kama vile si kitu, "Hiyo recital ni Jumamosi gani? Nitafute suti."

Nikajua siwezi kupiga ngoma ya harusi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Pembeni ya ukumbi kuna karakana ya mageti, na jamaa walikuwa wanakata vyuma kwa fujo. Wenzangu walionitangulia walipambana nayo hivyo hivyo. Nikaitwa. Nikakaa, nikaweka mikono, na kelele ile inachana masikio. Nikawaza, matone yangu nani atayasikia hapa?

Umeme ukakatika.

Load shedding, mgao wa umeme, mnaoishi huku mnaijua. Taa zikazima, mashine ya jirani ikazima, feni, friji ya nyuma, kila kitu. Watu wakaguna mara moja, halafu kimya. Dirisha lilikuwa linatoa mwanga wa kutosha. Na piano haihitaji umeme.

Nikaanza.

Sina maneno mazuri ya hapa. Kila nota niliisikia mpaka mwisho wake kabisa, mpaka inapoisha ndani ya mbao. Nikawa nasubiri lijae. Hakuna aliyekohoa. Nilihisi ukumbi mzima unasubiri pamoja na mimi.

Nikafika nota ya mwisho, nikaiacha ife.

Haikufa.

Kanisani kazi yangu ni kuwapa kwaya sauti ya kuanzia. Napiga nota moja, wanaidaka. Sasa Maman Odette aliidaka ile ya mwisho, mdomo umefungwa, chini kwa chini. Mabesi wakaingia chini yake. Alto wakaingia. Hakuna neno, hakuna aliyewapanga. Mam' Lindiwe mkono uko mdomoni. Mzee ameinua uso, machozi yanatiririka, hayafuti.

Sijui ilichukua muda gani. Iliisha yenyewe, na hakuna aliyethubutu kupiga makofi, mpaka fundi wa jirani alipowasha jenereta ndipo watu wakacheka na makofi yakalipuka.

Njiani kurudi mzee alikaa mbele na mwanawe, akaanza kumsimulia. Majina ya rafiki zake, waliorudi na waliobaki kwenye udongo wa kule. Mume wangu alikuwa hajawahi kusikia hata jina moja. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, ikawa kijani, magari ya nyuma yanapiga honi, yeye kageuza shingo anamsikiliza baba yake. Hatukuondoka.

Nilichojifunza: ukichagua kipande, usikidharau kwa sababu nota ni chache. Warusi walio hai wana vitu hivi vingi, vidogo, mtu wa kawaida anavimudu. Na ukiona kimya kingi kwenye karatasi, kiulize kina nini ndani.

Wapiga vinanda wa makanisani na wengine wote, karibuni. Mmewahi kupiga kitu ukumbi ukanyamaza hivyo? Kilikuwa kipi?