Bunduki Mbili, Pini Moja

Jumatatu ile tulikwenda Garsen kwa baiskeli yangu, Galgalo amekaa nyuma, amepakata bunduki zetu mbili ndani ya gunia la mchele. Njiani alinisimulia habari za ndama wake aliyezaliwa na jicho moja. Mimi nikamlalamikia viboko waliokuwa wakinilia mpunga. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa.

Sote wawili tulikuwa polisi wa akiba. Mimi ni Mpokomo, mkulima wa kando ya mto. Yeye alikuwa Muorma, mfugaji, na manyata yao, boma la wafugaji, ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kijijini kwetu. Serikali ilikuwa imempa kila mmoja wetu bunduki ya zamani, zile ambazo lazima uvute bolti kwa mkono kila unapotaka kupiga, ili tuwalinde watu wetu na majambazi. Zilitushinda umri. Yangu ilikuwa imechoka ndani: pini inayogonga risasi ilikuwa imelika nchani na springi yake imelegea. Ukivuta kifyatuzi unasikia tik, basi. Ya Galgalo ilipiga, ila ganda la risasi lilikwama ndani na kumpotezea muda kulichokoa.

Kituoni, sajini aliyeshughulikia silaha alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alizifungua zote mbili juu ya gazeti, akaziweka pini mbili sambamba, akazitazama kwa muda.

"Vipuri niliagiza zamani, havijakuja," alisema. "Nikichukua vya huku na vya huku, nitawapa moja nzima. Ya pili itakuwa chuma tu. Amueni nyinyi."

Nilijua ninachotaka, nikaona aibu kukisema.

"Weka kwa ya Komora," Galgalo akasema. "Yeye ako na mamba, ako na kiboko, watoto wanateka maji kila siku. Kwetu sasa kumetulia."

"Basi wewe utakuwa unabeba fimbo," sajini akamwambia.

"Fimbo nimebeba tangu nizaliwe."

Sajini alitoa pini na springi ya Galgalo, akazisafisha kwa mafuta ya taa, akazitia katika bunduki yangu. Bolti ilirudi mahali pake kwa sauti nzito ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka. Nyuma ya kituo nilipiga risasi moja kwenye kichuguu, na udongo ukaruka. Kabla hatujaondoka sajini alituonya tusimwambie mtu yeyote, hata wake zetu, mpaka vipuri vitakapofika. Tulikunywa chai, tukala mahamri, tukarudi. Watu wote walituona tukirudi na bunduki zetu, na wote wakaamini kwamba zimetengenezwa.

Mvua za mwaka ule hazikunyesha. Ng'ombe waliletwa mtoni wengi kuliko kawaida, na malka, zile njia za mifugo kushukia majini, nyingi zilikuwa zimeshalimwa. Ng'ombe waliingia mashambani. Kijana mmoja wa kwetu aliwakata ng'ombe kwa panga. Siku chache baadaye akaokotwa amekufa. Baada ya hapo sikumwona tena Galgalo uso kwa uso. Tulikuwa tukipeana habari kupitia mama mmoja muuza maziwa, kisha naye akaacha kuja.

Vijana wa Kiorma walitujia alfajiri, baada tu ya adhana.

Nilisikia mbwa, kisha nikasikia makuti yakishika moto. Nilitoka na bunduki, nikalala nyuma ya tuta la mfereji.

Risasi ya kwanza nilipiga juu. Hawakusimama.

Ya pili nilimpiga mtu. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kutembea. Wenzake walimbeba, wakarudi nyuma. Sijui kama alipona.

Bunduki haikunikwamia hata mara moja. Nisingekuwa nayo, wangefika mpaka shuleni, ambako wanawake walikuwa wamejifungia na watoto. Hilo nalijua kwa hakika. Lakini upande wa chini wa kijiji tulikuta nyumba zimeungua, na shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, amelala mlangoni pake. Mwanawe, Buya, ndiye aliyemfunika.

Siku ya pili Buya na wenzake walikuja kwangu. Yeye alikuwa mtu mzima, ana mke na shamba lake. Hakupaza sauti.

"Baba mdogo, tunakwenda manyata ya Galgalo. Twende pamoja, au utupe bunduki."

"Bunduki ni ya serikali. Na mimi siendi."

"Galgalo ana ya kwake. Inapiga?"

Wote walikuwa wakinitazama. Ningesema kweli, wangeondoka saa ileile na kuikuta manyata nzima, watoto kwa wazee.

"Inapiga kuliko yangu," nilisema. "Nilikuwapo ikitengenezwa. Hamtafika."

Mmoja akasema afadhali wangojee wenzao wa vijiji vya juu. Wakaondoka, na usiku ule nilipata usingizi, nikidhani nimemaliza kazi.

Siku ya nne Buya alirudi peke yake. Shati lake lilikuwa na damu iliyokauka. Aliweka bunduki ya Galgalo juu ya mkeka.

"Tulisema kwanza tumwondoe mwenye bunduki," alisema. "Tukamvizia asubuhi, kando ya kisima chao. Alikuwa peke yake. Alitulenga tu, hakupiga. Tulipofika kwenye manyata, watu walikuwa wameshahama."

Aliinua bolti kwa kidole.

"Hii imekufa, baba mdogo. Ulijua?"

"Nilijua."

Aliisukuma bunduki upande wangu. Kisha akatoka. Wiki hiyohiyo alikwenda Malindi, na mpaka leo hajarudi. Mkewe alimfuata baadaye. Siku nilipozipeleka zile bunduki mbili Garsen, sajini aliandika kwamba amezipokea, hakuniuliza kitu.

Miaka imepita. Amani ilirudi polepole, kwa mikutano mingi na kwa uchovu. Habiba, mjane wa Galgalo, siku hizi anauza maziwa na samli sokoni Garsen. Kwa muda mrefu nilipita njia nyingine. Mwaka jana nilikwenda, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamweleza yote: pini, onyo la sajini, na maneno niliyowaambia vijana.

Alinisikiliza huku akiwapimia watu maziwa.

"Hizo siku mbili walizongoja, ndizo tulizohamia," alisema mwishowe. "Nilivusha watoto wanne na mama mkwe wangu. Nilimwambia Galgalo twende wote. Akasema hatutafika mbali kama hakuna wa kubaki nyuma."

"Shemeji, mimi ndiye niliyewafanya wamwogope. Wasingemwogopa, wasingemtafuta yeye kwanza."

"Wangetukuta sote."

"Ndiyo."

Mteja alikuja, Habiba akamhudumia, akafuta mikono kwa leso.

"Mimi nilikuwa nimeshazoea kwamba aliuawa vitani, basi," alisema. "Sasa haya uliyoniletea, niyaweke wapi?"

Nilinunua nusu lita ya maziwa, akaipokea pesa yangu bila kunitazama.

Bado napita sokoni kila Alhamisi, na ninamsalimu. Kuna siku anaitikia na kuniuliza habari za nyumbani. Kuna siku anaendelea na kazi yake kana kwamba hakuna mtu aliyesimama pale. Sijamuuliza kwa nini.