Siku Niliyopanga Foleni ya Neno la Kiingereza

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na wajukuu wangu wanaijua nusu tu, ile nusu ambayo mimi naonekana mtu wa maana. Leo naisema yote, kwa kuwa wengi walioiona wameshatangulia, na waliobaki masikio yamewachoka.

Enzi hizo za Ujamaa nilikuwa mchukuzi wa magunia sokoni Kariakoo, kijana mwenye shingo nene na shule ya miaka miwili (wa tatu niliuanza, nikapata surua, nikaona kuugua kuna raha kuliko hesabu). Kila mtu alikuwa ndugu, na kila mtu mzima alitakiwa darasani, na utaratibu ulikuwa kwamba aliyemaliza kitabu cha kwanza amfundishe ambaye hajakianza. Mimi nilikimaliza kwa mbinde, jasho linadondokea kurasa, basi kesho yake nikaitwa mwalimu. Mwalimu Saidi! Nilinunua kalamu nikaichomeka mfukoni, na kwa muda mrefu haikuwa na wino.

Darasa letu lilikuwa ndani ya duka la Baba Aloyce, Mchaga mmoja mpole wa Mtaa wa Sikukuu. Alituazima duka kwa sababu lilikuwa tupu. Bidhaa ziliadimika mji mzima, rafu zake zilikuwa na vumbi, amebakiwa na boksi la viberiti na kopo la pilipili manga. Alituambia, "Kaeni tu ndugu zangu, angalau duka lisikie sauti za watu."

Wanafunzi walikuwa tisa, na mmoja wao ndiye aliyenitia wazimu: Bi Mwajuma, mjane kijana, muuza vitumbua wa Ilala. Nilikuwa nimepeleka posa kwa mjomba wake, Mzee Athumani, mtu wa pwani wa zamani, kanzu nyeupe, maneno machache. Mzee hakukataa wala hakukubali. Alimwambia mshenga wangu, "Nasikia ni mwalimu. Ijumaa nitapita nimwone anavyofundisha, kisha nitajibu." Kwa hiyo mnaelewa Ijumaa ile ilikuwa na uzito gani kwangu.

Sasa, Jumatano yake Bi Mwajuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kila nikienda ofisini kufuatilia karatasi za marehemu, karani ananinyooshea kiganja ananiambia weit. Ndiyo nini hiyo?"

Ningejibu "ni ngoja" nikanyamaza, leo nisingekuwa na la kusimulia. Neno lenyewe nililijua, maana niliwahi kufanya kibarua bandarini, na kulikuwa na mzungu wa meli aliyetupigia kelele weit, weit, kila gunia likining'inia juu ya vichwa vyetu (mwenzetu mmoja hakungoja, akalala hospitali wiki mbili, na alipotoka alikuwa ndiye anayelijua neno hilo kuliko sisi sote). Lakini macho ya Bi Mwajuma yalikuwa yananitazama, nikajikuta nasema, "Neno hilo ni zito. Ijumaa nitalifundisha lote: maana yake, asili yake, na jinsi wenyewe wanavyolitumia kila siku."

Ijumaa saa tisa alasiri nikaliandika ubaoni, wait, kwa herufi za gunia la mchele. Maana nikaitoa: ngoja, subiri. Asili, kwa kuwa sikuijua, nikaitunga: nikasema Waingereza walilipata baharini, walipokuwa wanasubiri upepo. Matumizi nikatoa mfano wa weta wa hotelini, nikaeleza kwamba anaitwa hivyo kwa sababu mteja akishaagiza chakula anamngoja yeye mpaka njaa inakwisha. Wanafunzi wakaandika. Nikajiona.

Hapo ndipo nikafanya lile jambo dogo. Nilifikiri, Mzee Athumani akipita barabarani ataona nini? Mlango wa duka na giza ndani. Nikawaambia, "Simameni nje, mstari mmoja, mbele ya mlango. Neno la kungoja hufundishwa kwa kungoja. Nitaita mmoja mmoja, atakayelitamka vizuri anaingia ndani kukaa mkekani."

Wakatoka. Na kila mmoja alikuwa na kikapu chake, kwa sababu miaka ile mtu mwenye akili hatoki nyumbani bila kikapu, hujui utakutana na nini njiani.

Nawaomba mlione jambo hilo kwa macho ya mpita njia wa Kariakoo wa wakati ule. Watu tisa wenye vikapu. Mstari. Mlango wa duka. Mtu mlangoni mwenye kalamu mfukoni. Na anaruhusu mmoja mmoja kuingia, na anayeingia hatoki.

Siku zile watu walikuwa wanashika foleni kwanza, kuuliza baadaye, kwa kuwa ukiuliza kwanza unakuta wenzako kumi wameshakaa mbele yako. Nilikuwa nimeingiza mwanafunzi wa tatu nilipotazama nyuma nikaona mstari umekuwa mrefu kuliko nilivyouacha. Nikahesabu vichwa ishirini. Mimi (Mungu anisamehe) nikasema moyoni, sifa zangu zimefika.

"Semeni weit!" nikapaza sauti.

"Weit!" wakajibu wote, mpaka wa mwisho aliyekuwa kwenye kona. Baadaye ndipo nikajua huko nyuma walidhani asiyelitamka hapewi.

Nikasikia minong'ono lakini sikuizingatia.

"Ni nini leo?"

"Sukari."

"Sukari gani, mimi nimeambiwa khanga."

"Wewe shika nafasi yako, dada, hata ikiwa misumari utachukua."

Jamaa mmoja wa Jangwani, mwenye sauti ya uwanja wa mpira, akajipa mwenyewe kazi ya kusimamia. Akaja akaniomba chaki. Nikampa! Akawa anawaandika watu namba mikononi, moja, mbili, tatu, na anayetoka kwenda haja anaacha kandambili moja kushika nafasi yake. Nikaona hii nidhamu haijawahi kutokea katika darasa lolote la Tanzania.

Wanafunzi wangu tisa wakaisha. Wa kumi alikuwa baba mmoja na debe kichwani, simjui, akasema "Weit!" vizuri kabisa. Nikampigia makofi nikamwingiza.

Na hapo ndipo nikaiona kanzu nyeupe. Mzee Athumani alikuwa katikati ya mstari, kikapu mkononi, namba thelathini na moja kwenye kifundo cha mkono. Moyo ukanipasuka kwa furaha: mjomba mtu amekuja kuniona, na amekubali kuwa mwanafunzi! Akatoka kwenye mstari akaanza kunijia mbele, nadhani alitaka kuniuliza kitu. Mstari mzima ukalipuka:

"Babu, rudi nyuma!"

"Uzee si tiketi, babu!"

Nami, badala ya kwenda kumpa shikamoo yake, nikataka watu waone kwamba mwalimu Saidi hana upendeleo. Nikamnyooshea kiganja usoni, kama yule karani, nikasema kwa sauti ya juu:

"Weit!"

Watu wakashangilia. Mzee akanitazama. Akarudi namba thelathini na moja.

Muda si mrefu yule baba wa debe akatoka ndani mbio.

"Jamani! Humu ndani kuna watu wamekaa mkekani na daftari! Hakuna kitu!"

"Wameficha!" akapiga kelele wa Jangwani. "Fungueni stoo!"

Baba Aloyce alikuwa amelala uani. Akatokea na fulana, macho mekundu, akakuta watu sitini wanasukuma mlango wake wanamwita mlanguzi, na miaka ile jina hilo lilitosha kumpeleka mtu ndani.

"Saidi," akaniambia kwa sauti ndogo, "umenifanya nini?"

Nikapanda juu ya kreti. "Ndugu zangu, dukani hamna kitu. Hii siyo foleni. Hii ni elimu."

Ikaja sauti moja ya mama kutoka nyuma:

"Kila mtu anapewa kilo ngapi?"

Ilibidi Baba Aloyce agawe viberiti vyake vyote, kiboksi kimoja kimoja, kwa namba za chaki, ndipo watu wakaondoka. Waliokosa walinisema mimi na ukoo wangu mpaka babu wa babu.

Akabaki Mzee Athumani, na kiberiti chake.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nimechelewa saa nzima.

Hakuitikia. "Nilikuwa wa sita," akasema. "Kule mtaa wa Gerezani, foleni ya mafuta ya taa. Wa sita! Nikaacha nafasi nije kukutazama wewe. Kufika hapa nikasikia sukari, nikasema nichukue kwanza, kijana nitamtazama baadaye. Nimesimama, nimeandikwa mkono kama mbuzi wa mnada, na wewe umeniwekea kiganja usoni."

Nikaona posa yangu inaenda zake.

Bi Mwajuma alikuwa amekaa mlangoni, anacheka mpaka mtandio umeanguka. Akafuta machozi.

"Mjomba," akasema, "watu sitini wamemtii huyu, na hakuwa na hata punje ya chumvi ya kuwapa. Unadhani mwanamume kama huyo nitampata wapi?"

"Mwendawazimu?"

"Ndiyo, mjomba. Mwendawazimu asiye na hila."

Mzee akakitia kiberiti mfukoni. Kisha akanigeukia. "Basi mahari yake hutaileta mkononi. Utaisimamia. Kila foleni ya nyumba yangu kuanzia kesho ni yako, mafuta, sabuni, unga, mpaka miguu yangu ipumzike."

Nilisimama miezi minane. Nilisimama mvua ya Jangwani ikanifika magotini, nilisimama foleni moja mpaka nikafika mbele nikakuta wanauza nepi, nikachukua. Harusi ikafungwa, na siku ya harusi Mzee alikuwa akiwaonyesha wageni: huyu ndiye aliyenisimamisha.

Miaka ikapita, nikakutana na mwalimu wa kweli, wa sekondari, nikamuuliza asili ya neno lile. Akaniambia zamani huko kwao lilikuwa na maana ya kulinda, kukaa macho, hata kumvizia mtu. Hakuna habari ya upepo wala bahari. Nikamwambia ahsante, nikaenda nyumbani, Mwajuma sikumwambia.

Nilijiwekea nadhiri, na nimeitimiza: jambo nisilolijua nasema silijui, na lile ninalolijua nalifundisha nimekaa, wanaojifunza wamekaa, na mlango uko wazi kabisa ili kila apitaye aone kwamba ndani hamna kitu.