Mapepe ya Shangazi

Baba mdogo ana ulimi mchafu, na nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Shangazi, dada yake wa tumbo moja, alipoachika akarudi nyumbani, alimpa shamba la bondeni alime mpunga. Kisha kila mavuno akawa anamwita mvivu mbele za watu.

Mvivu! Mwanamke aliyebeba samadi kichwani kutoka zizini mpaka bondeni, shingo ikakakamaa, kwa sababu kaka mtu alimwambia udongo una njaa. Mpunga ulinawiri kweli. Halafu majani machanga yakapauka nchani na kujisokota kama sindano. Masuke ya majirani yaliinama kwa uzito, yake yakasimama wima. Alipopepeta, mapepe yalipeperuka yote, ungo ukabaki mtupu.

"Mpunga wake una kiburi kama mwenyewe," Baba mdogo alicheka. "Msimu ujao akivuna mapepe tena, shamba nachukua."

Msimu uliofuata yakawa mapepe tena. Shangazi akamwita bwana shamba, naye akachukua udongo mweusi wa kinamasi wa shamba hilo kwenda kuupima. Majibu aliyaleta uani kwa Bibi, sote tukiwepo.

"Udongo wako una upungufu wa shaba, mama," alimwambia Shangazi. "Mpunga unaitaka kidogo tu, lakini ukiikosa, punje hazijai. Na samadi nyingi inaing'ang'ania hata hiyo kidogo iliyopo. Tia mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba, kwa kipimo nitakachokupa."

Baba mdogo, macho makavu, akadakia: "Kumbe dawa yenyewe rahisi! Basi nitalima mwenyewe."

Bibi alikuwa anamenya maharage. Uvumilivu ukamwishia. "Wee, koma! Si ulilima humo ukavuna mapepe matupu, ndiyo ukampa dada yako? Shamba lake liache!"

Baba mdogo akajitia hamnazo, akaanza kutafuta kandambili zake. Hakuna aliyemjali. Shangazi alikuwa amemgeukia Bibi.

"Mama, kumbe ulijua? Nimeitwa mvivu mpaka na watoto wadogo, na wewe ulijua?"

Bibi akajibu kwamba hakutaka kuwagombanisha wanawe. Eti kuwagombanisha!

Shamba amebaki nalo Shangazi. Nyumbani alihama siku hiyohiyo, amepanga chumba karibu na bonde, na kwa mama yake hajakanyaga tena. Mimi simlaumu.