Askari na Ngata ya Bibi

Juzi nimeshuka Moshi mjini kumtafutia mbwa wangu kitu cha kutafuna, maana amemaliza viatu nyumba nzima, na mguu wangu huu kiatu chake hakipatikani kirahisi. Binti wa dukani akanionyesha kamba imepigwa mafundo. "Mama, hii imetengenezwa kwa nguo zilizotumika. Haichafui mazingira." Nikacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Nikamwambia yule binti, "Mwanangu, hayo mambo sisi kule Uru mlimani tulikuwa nayo kabla mama yako hajaota meno."

Kaa basi nikuambie.

Mimi nimelelewa na bibi kihambani, katikati ya migomba na kahawa, kivuli kimeshonana mpaka jogoo anawika saa sita mchana akidhani ndiyo kunakucha. Asubuhi unaamshwa na harufu ya mtori na ng'ombe anayedai majani kama amezaliwa chifu. Na nilikuwa na mbwa wangu, Askari. Jina tu hilo. Mwizi angekuja, Askari angemshikia tochi.

Shida yake ilikuwa moja: ngata ya bibi. Ile pete ya majani makavu ya mgomba, umeizungushia kipande cha kanga, unaiweka kichwani ndipo mzigo unakaa. Bibi alibebea majani ya ng'ombe, akabebea ndizi za sokoni. Askari akiipata, kwisha, asubuhi tunakuta nyuzi. Bibi akaitundika kwenye msumari juu ukutani. Askari akapanda mgongoni kwa mbuzi, akaishusha. Haki ya Mungu, mbuzi alisimama tuli kama ngazi!

Siku moja ya soko bibi akaamka, ngata hakuna. Akabeba mkungu kichwa kitupu. Alirudi shingo imekaa upande, anakusalimia wewe huku anaangalia zizi. Nilicheka, halafu nikaona anashindwa hata kuinama kupuliza moto. Akasema, "Jumamosi mjomba wako anakuja na pikapu kuchukua ndizi. Huyu ataondoka naye, akalinde mahindi Sanya Juu."

Nikaona dunia imeisha. Sanya Juu kwangu ilikuwa mbali kama Ulaya. Nikaanza kumtafutia Askari vya kuchezea, ili aache ngata. Mitumba ndiyo ilikuwa imeanza kumwagika miaka ile, nikapata soksi, mzungu wake sijui alikuwa na mguu kama mtumbwi, nikaishindilia makapi ya kahawa. Akanusa, akapiga chafya. Gunzi la mahindi, kuku wakamnyang'anya. Ndala ya tairi iliyokatika, akaibeba akampelekea jirani, akarudi mikono mitupu, sijui niseme mdomo mtupu. Mwisho nikasuka ngata mpya, majani yaleyale, kanga ileile. Akaizunguka, akanitazama kwa huruma, akaenda kulala chini ya msumari wa bibi.

Yule jirani alikuwa ananichungulia pale mpakani. "We mtoto unajisumbua bure. Huyo hataki majani. Anataka kichwa cha bibi yako."

Sasa kichwa cha bibi ningekitoa wapi kingine?

Likabaki sale, ule mmea wa mpakani. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani lake, na akishalipokea hawezi kukataa kusamehe. Ijumaa jioni nikamfunga Askari jani shingoni, nikamfikisha mbele ya bibi. Bibi hakucheka. Alilifungua akalipokea kwa mikono miwili, kama limeletwa na mzee wa ukoo.

"Nimemsamehe."

Niliruka nikataka kutoboa bati. "Kwa hiyo anabaki, bibi?"

"Mimi nimesamehe, mjukuu wangu. Shingo yangu ndiyo haijasamehe."

Akaliweka jani kando ya kigoda. Nageuka hivi, Askari amelila. Msamaha wote tumboni!

Jumamosi mjomba akafika. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Ndiye huyu mla ngata?" Akamfunga juu ya mikungu. Nilishika mkia wa Askari mpaka gari ikaanza kusogea, na mtoto hawezi kushindana na pikapu. Bibi alikuwa anarudi na kifurushi kidogo cha majani. Akakishusha, akatoa ngata kichwani, bado ya moto, akamrushia mbwa. "Shika. Ule mpaka ushibe." Askari akaizamishia pua, hata hakutuangalia tena. Bibi akaingia zizini. Ng'ombe siku ile alikamuliwa mpaka nikamwonea huruma.

Siku hizi kule juu majani ya ng'ombe yanaletwa na bodaboda, na mkungu nao unapanda bodaboda kwenda sokoni, umekaa kama abiria. Kahawa imeng'olewa nyingi. Bibi amelala palepale, chini ya migomba yake.

Ile kamba nilinunua. Mbwa wangu kainusa, kapiga chafya, karudi kwenye kiatu changu. Basi jana nimekaa nikasuka ngata, mikono bado inakumbuka. Majani ya mgomba, kipande cha kanga. Nikampa, akaizunguka akaondoka. Nikaiokota nikainusa mwenyewe, nikainusa tena.

Inanukia majani tu.