Simba Niliyemwita kwa Debe

Nilianza kazi kwenye hifadhi ya wanyama chini ya mlima, upande wa Naro Moru, miaka michache baada ya uhuru. Baba alikufa siku za hali ya hatari, mama akamfuata nikiwa darasa la sita, na mimi ndiye mkubwa wa watoto wanne. Niliacha shule nikalima mashamba ya watu, kisha nikapata kazi hiyo ya kulisha wanyama. Asubuhi niliwaacha wadogo zangu wakijiandaa kwenda shule. Jioni nilikimbilia nyumbani kwa baiskeli, maana maharagwe hayajipiki.

Simba jike aliletwa kwetu kwa lori, ndani ya sanduku la mbao. Mzungu mmoja alikuwa amemfuga tangu akiwa mtoto, kwenye banda la waya nyuma ya jikoni. Alipouza shamba na kurudi kwao, hakuweza kumbeba. Simba alikuwa mnene, makucha marefu kwa kukosa kutembea, na alizoea kula nyama ya kuchemshwa kwenye karai. Tulimfungulia boma kubwa lenye vichaka na migunga, lakini kwa siku nyingi alibaki pale pale mlangoni. Hatua sita, anageuka. Hatua sita, anageuka.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mzee wa Doldol, aliyekua akichunga ng'ombe mahali ambapo simba ni jirani. Hakujua kusoma, lakini daktari wa wanyama aliyesimamia hifadhi hakuamua jambo lolote kuhusu simba bila kumwuliza. Sheria za kumlea yule simba zilikuwa za mzee. Chakula kisitoke mkononi mwa mtu. Mzoga ukokotwe kwa Landrova hadi kichakani, mahali tofauti kila mara, na siku nyingine asipate kitu, ajue njaa na kutafuta. Tukiwa karibu na ua, hakuna kuongea wala kupiga mluzi.

“Akisikia wewe, akumbuke nini?” aliniuliza siku ya kwanza.

“Chakula, mzee.”

“Basi siku moja atakuja kutafuta chakula kwa mama yako.”

“Mama yangu alikufa.”

Alinitazama kidogo. “Basi kwa mama wa mtu mwingine. Funga mdomo, mkulima.”

Mkulima ndilo jina alilonipa. Kwake mtu asiyejua ng'ombe alikuwa mkulima tu, na mkulima alikuwa wa kuchekwa.

Mpango ulikuwa kwamba mvua ndefu zikija yule simba aachiliwe kwenye mbuga za Laikipia, aishi kama simba. Akishindwa, angewekwa kwenye kizimba kidogo cha kutazamwa na wageni mpaka afe. Hakukuwa na njia ya tatu.

Kila alasiri kazi yangu ilikuwa kumwona kwa macho yangu: anatembea vipi, anachechemea, amekonda? Kisha nimpelekee daktari habari aandike. Siku nyingine nilizunguka ua saa mbili nzima nikitafuta ncha ya sikio kwenye nyasi. Nilifika nyumbani nikamkuta mdogo wetu wa mwisho amelala bila kula.

Siku moja niliangusha debe la maji kwenye mawe. Simba akatoka kichakani mbio, akaja mpaka kwenye waya, akakaa. Nilielewa mara moja. Huko alikotoka, mpishi alikuwa akigonga karai. Nilipaswa kumwambia mzee. Badala yake, kesho yake nilingoja aende kuleta mzoga, nikagonga debe mara tatu, naye akaja. Nilimwona miguu, macho na mbavu, nikamrushia kipande cha nyama juu ya ua asije akachoka kuitikia, nikapanda baiskeli. Jioni hiyo tulikula mapema, sote wanne.

Nilifanya hivyo miezi mingi. Sikuwa na mapenzi makubwa na yule simba, wala sikumchukia. Nilitaka kuwahi nyumbani.

“Huyu mkulima amepata macho,” mzee aliwaambia wenzetu. “Mimi natafuta simba mpaka goti linalia. Yeye anaona mara moja, ati kama anaona kuku yake.” Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipewa koti jipya la kazi kwa bidii yangu. Nililivaa hata kanisani.

Kabla ya kumwachilia simba, daktari alitaka kumpima kama bado anawafuata watu. Sote tulitembea kimya kando ya ua. Simba alituona, akainuka, akatugeuzia mgongo, akaingia vichakani. Sijawahi kumwona mzee akifurahi namna ile. Halafu daktari akatugeukia.

“Kuna yeyote amewahi kumwita huyu mnyama? Kwa sauti, kwa kitu chochote? Semeni sasa. Kama yupo, tutangoja mwaka mwingine, basi.”

Mwaka mmoja tu, ndio aliotaka. Lakini niliona kazi ikinitoka, na wadogo zangu wakirudishwa nyumbani kutoka shule. Wenzangu walijibu mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilisema, “Hapana, daktari.” Nikajiambia kwamba huko mbugani hakuna madebe.

Nilijiambia hivyo mimi, mtoto wa shamba, niliyekua nikisimama kwenye mahindi ya mama na kupiga debe kufukuza nyani.

Simba aliachiliwa, akakaa mbugani miezi minne. Mzee alifuata nyayo zake, akatuletea habari kwamba ameua swala, kisha nguruwe mwitu. Kisha mahindi yakakomaa. Upande ule kulikuwa na watu waliokuwa wamenunua shamba la mzungu mwingine kwa pamoja na kugawana vipande. Asubuhi moja mama mmoja aliona nyani shambani, akachukua debe akaanza kupiga. Nyani wakakimbia. Simba akaja.

Mama yule alibeba watoto wake wawili akapanda nao ghalani. Hakuumizwa mtu. Tulipofika, simba alikuwa amekaa ukingoni mwa mahindi, anatazama debe lililoanguka. Alikuwa mwembamba na mzuri, makucha yake yamelika vizuri. Tulisogeza sanduku lake, tukaweka nyama ndani, akaingia mwenyewe.

“Umewahi kuona simba anafuata debe?” daktari alimwuliza mzee.

“Debe inafukuza simba. Mimi nimefukuza nayo tangu mtoto.” Alitutazama wote, bila kumkazia mtu macho. “Huyu aliitwa.”

“Na nani?”

Mzee aliinama akaokota lile debe. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Mdomo wangu, uliofundishwa naye kunyamaza, ulinyamaza.

“Kulea ilikuwa kazi yangu,” alisema. “Andika mimi.”

Aliondoka mwisho wa mwezi ule. Nilimbebea sanduku lake la bati mpaka kwenye lori la mifugo lililokuwa likirudi Doldol. Barabara ilikuwa na matope, tulikwenda polepole, na nilikuwa na muda wa kusema yote mara mbili. Nilimwuliza kama goti linamwuma.

“Huyo simba asikae na mtu hajui yeye,” aliniambia akipanda. “Wewe kaa, mkulima.”

Nilikaa. Simba aliishi kwenye kizimba miaka kumi na moja, na mimi ndiye niliyemfagilia na kumpa maji. Wadogo zangu walimaliza shule. Nilipata nafasi ya kazi bora mjini Nyeri nikaikataa, na kwetu watu wakaanza kusimulia kwamba ninampenda yule simba kuliko kuoa. Doldol ni mwendo wa siku moja. Sikuwahi kwenda. Baadaye nikasikia mzee amefariki.

Simba alipokufa, dada yangu, ambaye sasa ni mwalimu huko Mwea, alikuja kunipa pole kama mtu aliyefiwa. Alileta gunia la mchele, akaketi karibu nami, akanishika mkono.

“Muru wa maitu,” aliniambia, mwana wa mama yetu, “wewe ni mtu mmoja mwaminifu sana. Kwetu na kwa huyo mnyama pia.”

Nilimwambia asante, nikainuka kuweka chai motoni.