Laini ya Kitambaa Cheupe

Kabla ya kupokea simu yoyote, shangazi yangu alitazama kwanza imeingia kwenye laini ipi. Hakuacha kamwe, hata nilipompigia nikiwa chumba cha pili.

Aliuza vitambaa, akivuka mpaka mara mbili kwa mwezi kufuata mzigo. Wenzake walimwita Mama Mita. Alikuwa na laini nne. Kila moja ilikuwa na rangi yake. Mbili zilikaa kwenye simu. Mbili alizifunga kila moja kwenye kitambaa cha rangi hiyo, ndani ya kikopo cha vidonge. Wateja walikuwa na namba ya kijani, madereva na mawakala ya bluu, ndugu ya njano. Nyeupe niliijua mimi peke yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenilea.

"Nikipigiwa na nisiyemjua," alisema, "naangalia laini, namjua aliyetoa namba yangu."

Siku moja akiwa mpakani, mwanamume mgeni alimpigia kwenye ile nyeupe. Alimwita Mama Mita, akamuuliza anapanda basi gani na ana marobota mangapi. Shangazi alikata, akanipigia.

"Umempa nani namba yangu?"

"Sijampa mtu, shangazi."

"Basi imejitembeza? Ina miguu?"

Nilicheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa wiki mbili hakupokea simu yangu. Nilianza kujishuku mwenyewe: niliiandika wapi? Niliitaja mbele ya nani? Nilipekua mikoba na madaftari yote. Nilijua akinifuta kwenye ile nyeupe, hana nyingine ya kunipa.

Aliporudi alilazwa hospitalini, akisubiri upasuaji. Jirani ndiye aliyeniambia. Nilimkuta ameukazia macho mlango, simu mkononi, bila miwani.

"Nitafutie wakala wa forodha," alisema, bila salamu. "Mwambie mzigo usubiri."

Nikafungua orodha ya simu alizopiga. Pembeni ya jina la wakala palikuwa na tarakimu ndogo ya 2: laini ya pili, ile nyeupe. Siku ni ileile, saa moja kabla ya mgeni kupiga. Simu ilikuwa imemuuliza atumie laini ipi, naye akabonyeza yetu.

Nikamwonyesha. Aliisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali.

"Simu hii nayo," akasema. "Sijawahi kuiamini."

Hakuomba radhi, nami sikungoja.

Asubuhi, wauguzi walipokuja na kitanda cha magurudumu, alichomoa kikopo chini ya mto. Alikuwa ameshazitoa hata zile laini za ndani ya simu, akazitia humo. Akanishikisha, akavifunga vidole vyangu kwa vyake. Hakurudi kutoka kwenye upasuaji, kwa hiyo sina maneno yake mengine ya baada ya haya:

"Ziko nne. Nimezihesabu."